Kitu Kinachojiziba Ufa: Nani Apime Kama Kimepona?



Wahenga walituachia methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aijuaye maana yake kuliko mfanyakazi wa kiwandani na wa shambani. Ufa katika shafti ya mashine ya kusagia mkonge, ufa katika bomba la boila, ufa katika ndoano ya winchi, au ufa katika ngazi anayopandia fundi wa umeme, huanza mwembamba kama unywele. Mpita njia hauoni. Lakini siku ukikua, anayelipa si mkurugenzi aliye ofisini. Ni yule aliyesimama karibu yake au chini yake.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 sasa, wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitengeneza vitu ambavyo vikipata ufa hujiziba vyenyewe bila kuguswa na fundi. Habari hii si hadithi ya sungura na fisi. Vitu hivyo vimefanyiwa majaribio, vimepimwa, na matokeo yake yameandikwa. Tumeona vema kueleza katika safu hii jinsi vinavyofanya kazi, na hasa jinsi vinavyopimwa. Sababu yetu ni moja. Vitu vipya huingia kiwandani vikiongozana na maneno matamu, na mfanyakazi asiyejua kipimo hana la kujibu siku atakapoambiwa: "Hakuna haja ya ukaguzi, kitu hiki hujiponya chenyewe."

VITU VYA MCHANGANYIKO NI NINI?

Kitu cha mchanganyiko ni kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Nyumba ya fito na udongo ni mchanganyiko: fito hushikilia, udongo hujaza na kuganda. Zege lenye nondo ni mchanganyiko: zege huvumilia kubanwa, nondo huvumilia kuvutwa. Viwandani siku hizi mchanganyiko unaotumika sana ni ule wa nyuzi za kioo au za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, kama ile iitwayo epoksi. Boti za faibaglasi, matangi ya maji na ya kemikali, mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, na sehemu kubwa ya ndege za kisasa, vyote vimetengenezwa kwa namna hiyo.

Sifa za vitu hivi ni wepesi na kutoshika kutu. Lakini vina ila moja kubwa, nayo ni kwamba huficha maumivu yao. Bati la chuma likigongwa hubonyea, na kila mtu akaona. Spana ikimponyoka fundi ikaangukia bamba la nyuzi na gundi, juu huonekana safi kabisa, kumbe ndani tabaka zimekwisha achana. Ndiyo maana mafundi wa ndege, pamoja na kuwa na mashine za kupima kwa mawimbi ya sauti, bado hugonga bamba kwa sarafu au kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Penye uzima hulia kwa sauti kali. Penye tabaka zilizoachana hutoa sauti nzito, iliyokufa. Ni ujuzi uleule wa mama anayenunua chungu sokoni: hakitazami tu, hukigonga kwa kidole na kutega sikio.

Kwa kuwa uharibifu wa namna hii hujificha, ni dhahiri kwa nini wataalamu walitamani kitu ambacho kitajitibu kabla binadamu hajagundua kuwa kinaumwa.

WALIVYOFANYA HUKO ILLINOIS

Jaribio lililojulikana zaidi lilitangazwa mwezi wa Februari 2001 katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani na kundi la wataalamu walioongozwa na Scott White, pamoja na wenzake kama Nancy Sottos na Jeffrey Moore. White alifariki mwaka 2018, lakini kazi waliyoianzisha inaendelea katika nchi nyingi.

Njia yao ilikuwa hii. Walichukua epoksi kabla haijaganda. Ndani yake wakachanganya vifuko vidogo vya mviringo, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vyenye kipenyo cha kati ya sehemu ya ishirini na sehemu ya tano ya milimita moja. Ganda la kila kifuko lilitengenezwa kwa yurea, ileile tuijuayo katika magunia ya mbolea, ikiwa imeunganishwa na kemikali iitwayo formaldehaidi. Ndani ya ganda hilo mlikuwa na dawa ya majimaji iitwayo disiklopentadieni. Kisha wakatawanya katika epoksi hiyohiyo chembechembe za kichocheo. Epoksi ikaachwa igande.

Sasa ufa ukianza kutambaa ndani ya epoksi, hukutana na vifuko na kuvipasua. Dawa hutoka na kuvutwa ndani ya ufa, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Humo ndani dawa hukutana na chembe za kichocheo, na hapo hugeuka kuwa kitu kigumu kinachounganisha kuta mbili za ufa. Hapahitajiki moto, wala fundi, wala kuzima mashine ili mtu aingize gundi.

Ndugu zetu wanaogema mpira hawatashangazwa na habari hii. Wao huona kila siku ya kazi kwamba mti ukikatwa gome hutoa utomvu, na baada ya saa chache utomvu huganda na kuziba jeraha, hata mgemaji akalazimika kukata tena siku ya zamu yake. Wataalamu walijifunza kwa miti, kwa ngozi na kwa mifupa ya viumbe.

Kichocheo walichotumia kinaitwa kwa jina la Robert Grubbs, mkemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 pamoja na wenzake wawili. Ndani yake mna madini adimu yaitwayo rutheni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika migodi ya platini ya Afrika Kusini. Kwa hiyo hata katika maabara ya Illinois, jasho la mchimbaji wa Afrika lilikuwamo mezani, ingawa jina lake halimo katika taarifa.

KUPIMA KAMA KIMEPONA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kusema kitu kimepona ni rahisi. Kuthibitisha ni kazi nyingine. Mtu aliyevunjika mguu akitolewa plasta, daktari hamwambii "umepona" kwa kuutazama tu. Humwambia akanyage, atembee, apande ngazi. Kadhalika kitu kilichojiziba hapana budi kirudishwe kwenye mzigo.

Kipimo cha Illinois kilikuwa cha namna hii. Hutengenezwa kibao kidogo cha epoksi ile yenye vifuko. Kibao hicho hakina umbo la mraba. Upande mmoja ni mwembamba, kisha hupanuka kuelekea nyuma, na katikati yake umechongwa mfereji wa kuuongoza ufa uende moja kwa moja usipinde. Kwenye upande mwembamba hutiwa wembe, ukagongwa taratibu ili ufa uanze. Kisha misumari miwili hupitishwa katika matundu mawili, na mashine huivuta, mmoja juu na mwingine chini, huku ikiandika nguvu inayotumika. Ufa ukianza kutembea, nguvu ile ndiyo inayoonyesha ukinzani wa kitu, yaani ni kwa kiasi gani kinaukatalia ufa kusonga mbele.

Kwa nini umbo hilo la kupanuka? Hapa pana hekima ambayo fundi yeyote ataipenda. Katika kibao cha kawaida, ufa ukirefuka nguvu inayohitajika hubadilika, kwa hiyo mpimaji lazima ajue urefu wa ufa kila wakati. Lakini katika kitu kilichojiziba, nani ataona ncha ya ufa iko wapi? Umefunikwa! Umbo lile la kupanuka limepigiwa hesabu ili urefu wa ufa usibadilishe jibu. Mpimaji anahitaji kujua nguvu tu.

Basi, baada ya kibao kupasuliwa mara ya kwanza, kililegezwa, kuta za ufa zikarudi kukutana, kikaachwa kimepumzika kwa saa 48 katika joto la kawaida la chumba. Baadaye kikavutwa tena. Nguvu ya mara ya pili ikagawanywa kwa nguvu ya mara ya kwanza. Ikiwa mara ya kwanza kilihimili 100 na mara ya pili kikahimili 60, kiwango cha kupona ni asilimia 60. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, na hilo ndilo jambo jema ndani yake, maana kipimo ambacho mfanyakazi anaweza kukikagua ni kigumu kukitumia kumdanganyia.

VIBAO VYA KULINGANISHIA

Wataalamu hao hawakuishia hapo. Walijiuliza: tutajuaje kwamba ni dawa yetu iliyoponya? Huenda epoksi yenyewe hunata tena kidogo. Huenda majimaji ya vifuko hunata hata bila kichocheo. Kwa hiyo walitengeneza vibao vingine vya kulinganishia. Vya aina ya kwanza vilikuwa na kichocheo bila vifuko. Vya aina ya pili vilikuwa na vifuko bila kichocheo. Vyote vikapasuliwa, vikapumzishwa na kuvutwa tena kwa taratibu ileile. Havikupona hata kidogo. Ni vile vyenye vyote viwili tu vilivyorudisha nguvu.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu linatufaa katika mengi. Mwajiri akisema kwamba glovu mpya zimepunguza ajali, swali la kwanza ni: je, katika muda huohuo, idara isiyopewa glovu hizo ajali zake zilipungua au hazikupungua? Pasipo cha kulinganishia, takwimu ni kama mizani yenye sahani moja.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Taarifa za majaribio ya namna hii huwa na tarakimu nyingi zinazovutia. Sisi tunashauri kila mjumbe wa kamati ya wafanyakazi ayashike maswali haya matano, ayaulize kila aletewapo kitu kinachosifiwa kuwa hujiponya.

La kwanza: Ni "hadi" au ni wastani? Katika jaribio la 2001 habari iliyoenea duniani ilikuwa kwamba kitu kile kilirudisha hadi asilimia 75 ya ukinzani wake. Ni kweli. Lakini asilimia 75 ilikuwa ya kibao kilichofanya vizuri kuliko vyote. Wastani wa vibao ulikuwa kama asilimia 60. Wataalamu wenyewe hawakulificha jambo hilo. Wanaoficha ni wauzaji. Sote tunalijua tangazo la kazi lisemalo mshahara ni "hadi" kiasi fulani. Anayeajiriwa huishi kwa wastani, si kwa "hadi". Na kamba ya winchi hukatikia pale palipo dhaifu kuliko pote, kwa hiyo anayefanya kazi chini ya mzigo ana haki ya kuuliza hata kiwango cha chini kabisa.

La pili: Ni asilimia ya nini? Tuseme kitu cha kawaida kinahimili 80. Mtu akatia vifuko ndani yake, kikadhoofika kikahimili 50. Kikapata ufa, kikapona, kikahimili 45. Muuzaji atasema kwa haki kabisa kuwa kimepona kwa asilimia 90, kwa sababu 45 ni asilimia 90 ya 50. Lakini ukilinganisha na 80 ya mwanzo, una asilimia 56 tu. Wenzetu wa Illinois walipopima katika mwaka 2002 waliona kwamba vifuko havikupunguza ukinzani wa epoksi yao dhidi ya ufa, bali viliuongeza, na baada ya kurekebisha ukubwa wa vifuko na kiasi cha kichocheo walifikia zaidi ya asilimia 90. Hiyo ni asilimia 90 ya kweli. Hata hivyo, vifuko hivyohivyo huifanya epoksi inyumbulike zaidi inapobebeshwa mzigo. Kila faida ina gharama yake, na gharama hiyo lazima iandikwe.

La tatu: Ni katika hali gani, na baada ya muda gani? Katika vipimo vya 2002 dalili za kupona zilianza kuonekana baada ya dakika 25 hivi, na kupona kulifikia kikomo chake baada ya saa 10 hivi. Hapo ni epoksi peke yake. Walipotia nyuzi za kaboni, kama inavyokuwa katika vyombo vya kweli, mambo yalikuwa magumu zaidi: katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2003, bamba la nyuzi lilirudisha hadi asilimia 45 katika joto la chumba, na zaidi ya asilimia 80 lilipopashwa moto wa nyuzijoto 80. Maabara ina paa, ina kiyoyozi, na haina vumbi la katani wala mvuke wa chai. Je, kitu hicho kilipimwa baada ya kukaa miaka mitano juani? Je, dawa ndani ya vifuko haikukauka? Hayo nayo ni maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

La nne: Kinaweza kupona mara ngapi? Kifuko kikishapasuka kimekwisha kazi, kama kiberiti kilichokwisha washwa. Ufa ukirudi mahali palepale haukuti dawa. Kwa ajili hiyo kundi lilelile la Illinois lilitangaza mwaka 2007 njia nyingine: badala ya vifuko, walitengeneza mishipa myembamba ndani ya kitu, mfano wa mishipa ya damu, yenye kupeleka dawa mpya kila mara. Kwa njia hiyo waliweza kukiponya kitu mahali palepale hadi mara saba. Baadaye kilikoma, maana kichocheo kilikuwa kimekwisha ingawa dawa ilikuwapo bado. Mara saba ni hatua kubwa kwa sayansi. Kwa mashine inayotikisika usiku na mchana, mara saba yaweza kwisha upesi.

La tano: Mzigo ulisimama au uliendelea? Nyufa nyingi za mashine hazitokani na pigo moja kubwa. Hutokana na mizigo midogo inayorudiwa mara maelfu, jambo ambalo mafundi huliita uchovu. Wataalamu hao walilipima jambo hili pia. Waliona kwamba mzigo ukiwa wa wastani, au kitu kikipewa muda wa kupumzika, dawa huganda ikauzuia ufa kabisa au kuuchelewesha sana. Lakini mzigo ukiwa mzito na wa mfululizo, ufa hukimbia mbele kabla dawa haijaganda. Kwa maneno mengine, hata kitu kinachojiponya kinahitaji mapumziko. Na ikiwa gundi isiyo na mwili wala roho haiponi bila kupumzika, sembuse mtu wa zamu mbili?

UFA ULIOPAKWA RANGI

Huenda msomaji akauliza: yote haya ya nini, nasi mashine zetu ni za chuma cha zamani? Tunamjibu kwa habari ya kweli, ambayo haikutokea katika maabara.

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, ng'ambo ya pwani ya Norway, jukwaa la kuelea lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka wakati wa dhoruba. Lilikuwa bweni la wafanyakazi wa machimbo ya mafuta. Ndani yake mlikuwa na watu 212. Waliokufa ni 123.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ufa katika moja ya mihimili ya chuma iliyoshikilia miguu ya jukwaa. Ufa huo ulianzia kwenye uchomeleaji mdogo, mahali palipotobolewa ili kufungia chombo cha kusikilizia sauti majini. Chombo hicho hakikuwa na kazi yoyote ya kubeba mzigo, kwa hiyo uchomeleaji wake haukupewa uzito. Mawimbi yakautikisa mhimili mara nyingi, ufa ukakua kidogokidogo mpaka mhimili ukakatika, mingine ikafuata, na mguu mzima ukang'oka.

Lakini lililo zito kuliko yote ni hili: ndani ya ufa ule ilikutwa rangi. Maana yake ufa ulikuwapo tangu jukwaa lilipokuwa bado linaundwa, likapakwa rangi ufa ukiwamo, likapelekwa baharini, na watu wakalala juu yake.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu neno "kujiponya" laweza kutumika kama rangi ile. Kitu kinachojiziba juu kwa juu, huku ndani kikiwa kimerudisha nusu tu ya nguvu, ni kibaya kuliko kitu chenye ufa unaoonekana. Ufa unaoonekana humwonya mtu. Ufa uliofunikwa humwambia asimame pale.

Hatusemi haya ili kuipinga sayansi. La hasha. Matumizi yaliyotangulia ya ujuzi huu ni katika rangi za kuzuia kutu: rangi ikikwaruzwa, dawa hutoka na kufunika chuma kabla hewa na chumvi hazijakila. Mahali kama bandarini na viwanda vya chumvi jambo hilo ni la heri. Huko Paris nako, mwaka 2008, kundi la Ludwik Leibler lilitangaza aina ya mpira uliotengenezwa kwa asidi za mafuta ya mimea na yurea. Mpira huo ukikatwa vipande viwili, ukavigusanisha na kuvishikilia, hushikana tena bila gundi wala moto, ukaweza kuvutwa kama awali. Ila vipande vikikaa mbalimbali kwa muda mrefu mno, nguvu ya kushikana hupungua, kama jeraha linalocheleweshwa kushonwa. Ikiwa siku moja mikanda ya mashine na mipira ya kuzuia mivujo itakuwa na tabia hiyo, mikono mingi itaokolewa. Tunachosema ni kwamba kujiponya kuongezwe juu ya ukaguzi, kusichukue nafasi ya ukaguzi.

NA ANAYEITENGENEZA JE?

Jambo moja husahauliwa katika taarifa nyingi: kila kilo ya gundi na kila kifuko hutengenezwa, humwagwa, husuguliwa na kukatwa na mfanyakazi. Epoksi kabla haijaganda huwasha ngozi, na wengine wakishaanza kuidhurika mara moja miili yao huikataa maisha yote, hata wakigusa kidogo tu. Formaldehaidi, ile inayotumika kutengeneza ganda la vifuko, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la faibaglasi linalotoka katika kusuguliwa huwasha macho, koo na ngozi. Kwa hiyo kitu kinachojiponya hakina budi kutengenezwa mahali penye hewa ya kutosha, mashine ya kufyonza vumbi, glovu zinazofaa na maji ya kunawa. Haiwezekani gundi ipone na mtengenezaji wake augue.

HAKI ZETU

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu usalama na afya kazini. Kifungu chake cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, asiadhibiwe isivyo haki. Mkataba Namba 170 wa mwaka 1990 unahusu kemikali kazini, na unampa mfanyakazi haki ya kujua kemikali anazotumia na hatari zake. Mkataba Namba 184 wa mwaka 2001 unahusu wenzetu wa mashambani. Zaidi ya hayo, mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliamua kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi, na kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba yenyewe.

Haki hizo hazijitekelezi zenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lifanye mambo haya matatu. Mosi, kamati ya usalama idai kuonyeshwa taarifa ya vipimo vya kila kifaa kipya, si karatasi ya matangazo. Taarifa hiyo isomwe mbele ya wafanyakazi kwa lugha wanayoielewa, yakiulizwa yale maswali matano. Pili, daftari la nyufa liwekwe katika kila idara: tarehe, mahali ufa ulipoonekana, urefu wake, aliyeuona, na hatua iliyochukuliwa. Ufa uliochorewa alama ya chaki kwenye ncha zake leo, kesho utakuambia wenyewe kama umetembea. Tatu, pasipakwe rangi mahali penye ufa kabla mkaguzi na mjumbe wa wafanyakazi hawajaona na kutia sahihi.

Wataalamu wa Illinois walitufundisha jambo ambalo halihitaji maabara. Hawakuamini kwamba kitu chao kimepona mpaka walipokivuta tena, wakakilinganisha na kisichotiwa dawa, na kuandika hata tarakimu zisizowapendeza. Ikiwa wenye kitu chao walikipima kwa ukali namna hiyo, mfanyakazi anayesimama chini ya mashine asione haya kudai kipimo hichohicho.

Ndugu, ukiona ufa kazini leo, usingoje ujizibe. Toa taarifa, uandikwe, na uhakikishe umepewa jibu.